UZI: Stubby Clapp, mtu wa mapigo matano ligi kuu ambaye Memphis waliistaafisha jezi yake

Mtoto wa Chumbageni:

Wakuu salaam.

Huu uzi niliuahidi siku ile tulipokuwa tunabishana kuhusu makocha, kama mtu ambaye hakuwahi kuwa mchezaji mkubwa anaweza kumfundisha mchezaji mkubwa akamsikiliza. Nilisema ninao mfano mmoja lakini ni wa besiboli, na wengi mkasema lete hivyo hivyo. Basi ndio huu. Ni mrefu, anayetaka kupitia juu juu ruksa, ila naomba sehemu ya kazi ya meneja msiiruke.

Mimi naishi Memphis, jimbo la Tennessee. Kazi yangu ni ya usiku, kupakia na kupakua mizigo. Nilipofika huku sikujua besiboli hata chembe, niliona tu watu wamesimama, mmoja anarusha, mmoja anakosa. Jioni moja mfanyakazi mwenzangu alipata dharura akanipa tiketi yake, nikaenda uwanja wa AutoZone Park, ambao uko katikati ya mji kabisa, ulifunguliwa mwaka 2000. Mbele yangu alikaa mzee mmoja na mjukuu wake. Mtoto ana glavu kubwa kuliko kichwa chake, anasubiri mpira uruke jukwaani.

Nikaona namba 10 imetundikwa. Kwa sisi tuliokulia kwenye Simba na Yanga, ukiambiwa jezi ya mtu imestaafishwa, yaani hakuna mwingine wa timu hiyo atakayeivaa namba hiyo, unajua huyo alitikisa nchi. Nikamuuliza mzee, huyu alikuwa nani? Akageuka mwili mzima. "Huyo ni Stubby," akasema, "huyo ni wetu." Nikauliza huko ligi kuu alipata mapigo mangapi, yaani mara ngapi aliupiga mpira akakimbia akafika salama. Akaninyooshea mkono mmoja, vidole vitano. Nikasubiri anyooshe na wa pili. Hakunyoosha.

Siku hiyo nilirudi nyumbani nikaanza kumtafuta huyu mtu, na sijaacha.

Jina lake kamili ni Richard Keith Clapp, alizaliwa Februari 24, 1973, Windsor, Ontario, upande wa Kanada, ng'ambo ya mto kutoka Detroit. "Stubby" ni mtu mfupi aliyejazia. Hilo jina la utani ni la ukoo, babu alikuwa nalo, baba akalirithi, likamfikia yeye. Na kweli si mrefu, ana kama sentimita 173 hivi, kwenye mchezo ambao vijana wa mita 1 na 90 wamejaa.

Mwaka 1991, akiwa bado kijana, alikuwa kwenye timu ya Kanada iliyochukua dhahabu ya dunia ya vijana kule Brandon, Manitoba. Akasoma na kucheza chuo cha Texas Tech. Mwaka 1996 St. Louis Cardinals wakamchagua raundi ya 36. Hapa nieleze kidogo. Kila mwaka klabu zinachagua vijana kwa zamu, raundi kwa raundi. Wa raundi ya kwanza anapewa mamilioni ya dola siku hiyo hiyo. Wa raundi ya 36 anapewa tiketi ya basi na jezi. Na siku hizi hata hiyo haipo, maana tangu 2021 raundi zimepunguzwa zikabaki 20. Kwa mpango wa leo kijana wa raundi ya 36 hachaguliwi kabisa.

Halafu kuna ngazi. Ligi kuu ina timu 30, na kila moja ina timu zake za chini, kijana anapanda kuanzia madaraja ya A, anaenda Double-A, anamalizia Triple-A. Memphis Redbirds ni Triple-A ya Cardinals. Kutoka hapa hadi St. Louis ni saa nne na kitu kwa gari, barabara nzuri, unakunywa soda moja njiani umefika. Kuna watu wameishi miaka kumi kwenye hizo saa nne na hawakufika.

Clapp alicheza besi ya pili. Besi ni vile vituo ambavyo mpigaji anavikimbilia kwa zamu baada ya kupiga. Ngoja niwaonyeshe hiyo nafasi, kwa sababu mimi mwenyewe ilinichukua msimu mzima kuiona. Mpira umepigwa chini, unakuja unarukaruka upande wa kushoto. Mwenzako anaudaka anakutupia. Wewe unatakiwa uwe umeshafika kwenye besi, mguu mmoja umegusa, mpira unaingia kwenye glavu, unahamia mkono wa kulia, unageuka, unautupa besi ya kwanza. Yote hayo kwa muda wa kupepesa jicho. Na wakati unafanya hivyo kuna mtu anakukimbilia kwa kasi yote, anajitupa chini miguu mbele, na wakati huo wa Clapp kanuni zilikuwa bado hazijawabana hao wakimbiaji kama sasa. Wewe humwangalii. Ukimwangalia tu, mpira umepotea. Wachezaji wa besi ya pili wana makovu kwenye miguu kama mtu aliyelima shamba la mkonge bila viatu.

Na upigaji wake haukuwa wa kuvusha mipira ukutani. Alikuwa mtu wa kung'ang'ania, anamchosha mrushaji, anafika besi hata kwa kupigwa na mpira mwilini. Kabla ya mechi kubwa alipokuwa akienda kwenye nafasi yake alipiga sarakasi ya kinyumenyume kama alivyofanya Ozzie Smith, gwiji wa Cardinals. Watoto wa Memphis walikuwa wanaenda uwanjani kuiona ile sarakasi.

Sasa njooni mwaka 2000. Uwanja ni mpya. Memphis wanafika fainali ya ligi yao, Pacific Coast League. Clapp yuko pale tangu 1999. Mwisho kabisa wa msimu analetwa kijana wa miaka 20 kutoka ngazi za chini, anacheza mechi tatu tu za kawaida, halafu fainali hizo zikaanza. Awamu ya 13 (mechi ya kawaida ina awamu tisa) kijana anapiga mpira unavuka ukuta, Memphis bingwa. Kijana anaitwa Albert Pujols. Alichaguliwa raundi ya 13, naye hakuwa lulu ya mtu. Msimu uliofuata yuko St. Louis moja kwa moja, anapiga wastani wa .329, yaani mapigo 329 kwa kila nafasi 1,000 za kupiga, na mipira 37 nje ya ukuta. Hakurudi tena chini.

Wawili hao walikuwa chumba kimoja cha kubadilishia nguo. Mmoja Memphis ilikuwa kituo cha kushusha abiria, mwingine ilikuwa nyumba.

Clapp aliitwa juu Juni 2001. Alicheza mechi 23, akapewa nafasi rasmi 25 za kupiga, akapata mapigo 5, mawili kati yake yakamfikisha besi ya pili. Wastani .200. Akarudishwa Memphis, akacheza mpaka 2002, baadaye akazunguka, akafika hadi timu ya Edmonton iliyokuwa ligi huru, ligi ambayo haina klabu kubwa nyuma yake. Hakuitwa tena ligi kuu.

Lakini kwa Wakanada tayari alikuwa mtu mwingine. Michezo ya Pan Am, ile ya nchi za bara la Amerika, mwaka 1999 ilifanyika Winnipeg, nyumbani kwao. Ilikuwa mara ya kwanza wachezaji wa kulipwa kuruhusiwa. Kanada na Marekani, hatua ya makundi, zimefika awamu ya 11. Clapp anapiga mpira mlegevu unaoanguka katikati ya watu, mahali ambapo hakuna wa kuufikia. Kanada 7, Marekani 6. Walimaliza na shaba, lakini ukitaja Winnipeg kwa mtu wa besiboli kule, atakutajia huo mpira mlegevu. Aliendelea kuitwa timu ya taifa mpaka Olimpiki ya Athens 2004, ambapo walimaliza wa nne, na Beijing 2008. Alikuwemo pia kwenye kikosi cha 2006 kilichoifunga Marekani 8-6 Phoenix kwenye mashindano ya kwanza ya World Baseball Classic.

Mwaka 2007 Memphis wakaistaafisha namba 10. Mtu aliyepata mapigo matano juu. Nimelifikiria sana hili nikiwa kazini usiku, na naona Memphis walikuwa sahihi. Ile klabu inaishi kwa kuondokewa. Kila kijana mzuri anakaa kidogo, anapata simu, anakwenda. Huyu alikuja kila jioni kwa miaka minne akacheza kana kwamba pale ndipo palipokuwa mwisho wa dunia.

Naendelea chini, sehemu ya meneja.

Mtoto wa Chumbageni:

Sehemu ya pili.

Huku kocha mkuu wa besiboli anaitwa meneja. Clapp alianzia huko chini kabisa, 2011 na 2012 akiwa meneja wa Tri-City ValleyCats mjini Troy, New York, timu ya Houston Astros ya msimu mfupi, wachezaji wametoka tu kuchaguliwa, wengine ndiyo mara yao ya kwanza kufua nguo zao wenyewe. Mwaka wa pili akawafikisha fainali. Baada ya hapo akawa kocha wa upigaji kwenye timu za chini za Toronto Blue Jays.

Msimu wa 2017 Cardinals wakampa Memphis. Alirudi kama meneja kwenye uwanja ambao namba yake iko ukutani.

Kwa mtu wa soka naomba mnielewe hapa. Meneja wa Triple-A hachagui wachezaji. Anapewa. Mrushaji mpira anakuja na maagizo kutoka juu, atarusha mipira mingapi, basi, hata kama mechi iko mikononi. Mpigaji wako bora akianza kuwaka, hiyo ndiyo siku unayompoteza, maana St. Louis wanaona. Na anaposhuka mtu kutoka juu, anashuka ameumia moyo, anaona ametupwa, na wewe unatakiwa umfanye afunge kamba za viatu acheze mbele ya watu elfu tano wakati juzi alikuwa mbele ya elfu arobaini.

Sasa angalieni 2017. Tommy Pham alianza msimu Memphis, mapema Mei akaondoka, huko juu akamaliza na wastani wa .306. Paul DeJong akaondoka mwishoni mwa Mei, nafasi yake ya kwanza ya kupiga ligi kuu akauvusha mpira ukuta, akamaliza na mipira 25 nje ya ukuta na kuwa wa pili kwenye tuzo ya mchezaji mpya bora. Luke Voit akaondoka Juni. Harrison Bader Julai. Jack Flaherty Septemba. Hesabuni wenyewe hizo nguzo zilizong'olewa. Memphis wakamaliza na ushindi 91 na kufungwa 50, wakachukua ubingwa wa ligi yao.

Mwaka 2018 hivyo hivyo, watu wanapanda na kushuka, wakashinda 83, wakachukua tena ubingwa wa ligi, halafu wakaenda Columbus kwenye mechi ya bingwa wa Triple-A yote wakawapiga Durham Bulls 14-4. Miaka yote miwili alitajwa meneja bora wa ligi.

Kuna ofisi ndogo karibu na chumba cha kubadilishia nguo, kila uwanja wa ligi ndogo unayo. Meza, kiti kimoja cha ziada, mlango unaofungwa. Kijana akiitwa humo baada ya mechi, wenzake wote wanaacha kuongea. Anaweza kutoka akiwa anapiga simu kwa mama yake analia kwa furaha, anaweza kutoka anatafuta begi la kuwekea glavu zake. Anayekaa upande wa pili wa meza ndiye anayesema hilo neno. Nawaambieni, neno hilo nikilazimika kuambiwa, ningetaka niambiwe na mtu aliyeambiwa yeye mwenyewe 2001.

Karibuni tujadili.

Kipa wa Zamani:

Mkuu umenigusa pabaya. Nimesoma mwanzo mwisho nikiwa kwenye daladala nikapitiliza kituo.

Mimi nilikuwa kipa, timu ya daraja la kwanza, siitaji. Msimu wa tatu tumerudi kutoka mapumziko, tukakuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa chumba cha vifaa. Majina ya wanaobaki. Langu halipo. Kocha alikuwa yuko palepale uwanjani, ameweka mikono nyuma, anaangalia goli. Nikamsubiri robo saa. Hakugeuka. Nikachukua glavu zangu nikaondoka, na mpaka leo sijui nilikosea nini, mguu, kimo, au ni mdomo.

Leo nafundisha watoto chini ya miaka 15 pale mtaani. Ninapomtoa mtoto kwenye kikosi, naenda kwao. Nakaa, nakunywa maji, namwambia mbele ya mzazi. Inanichukua jioni nzima. Wenzangu wanasema napoteza muda.

Mtoto wa Chumbageni:

Kaka, endelea kwenda. Pole kwa ile karatasi.

BintiSaadani:

Asante kwa uzi kaka. Mimi naomba kuuliza la tumbo. Hao wa ligi ndogo wanaishije? Maana naona kama Marekani kila mwanamichezo ni tajiri.

Mtoto wa Chumbageni:

Dada, hapana kabisa. Mpaka 2022 kiwango cha chini cha mchezaji wa Triple-A, yaani ngazi moja kabla ya mamilioni, kilikuwa dola 17,500 kwa mwaka. Mimi mpakia mizigo nilikuwa namzidi. Ngazi za chini zaidi ilikuwa hali mbaya, watu sita kwenye nyumba ya vyumba viwili, magodoro sakafuni, na kipindi kisicho cha msimu wanafundisha watoto au wanafanya kazi za dukani. Wachezaji walijiunga na chama cha wafanyakazi, na Machi 2023 ukapatikana mkataba wao wa kwanza, Triple-A ikapanda hadi dola 35,800. Nyumba nayo sasa inagharamiwa na klabu kwa walio wengi. Clapp na wenzake wa wakati ule hawakuyaona hayo.

Pia 2021 ligi kuu ilipunguza timu za ligi ndogo zenye uhusiano na klabu kubwa zikabaki 120. Moja ya zilizotupwa nje ni Tri-City ValleyCats, pale Clapp alipoanzia umeneja. Haikufa, ilienda ligi huru ya Frontier, lakini ile njia ya kumtoa kijana Troy kumpeleka Houston imekatika. Kuna miji ilipoteza timu iliyokuwa imekaa nayo vizazi. Mimi hili linaniuma, kwa sababu mji mdogo ukishanyang'anywa timu jioni zake zinakuwa ndefu sana.

Mwalimu wa Jioni:

Uzi mzuri, hongera. Naongezea kitu ambacho mleta mada hakukitaja na kinafaa sana.

Aliyekuwa meneja wa Cardinals mwaka 2001, aliyemwita na kumrudisha Clapp, ni Tony La Russa. La Russa mwenyewe alikuwa mchezaji wa ndani, yaani wa kulinda eneo la besi, tena wa kuhangaika, mechi 132 za ligi kuu zilizotawanyika miaka kumi, wastani wake .199. Akaanza umeneja ligi ndogo, Knoxville 1978, Iowa 1979, katikati ya huo mwaka Chicago White Sox wakampandisha. Akaja kuchukua ubingwa wa dunia mara tatu, 1989 akiwa Oakland, 2006 na 2011 akiwa St. Louis. Namba yake Cardinals ilikuwa ngapi? 10. Ikastaafishwa 2012.

Kwa hiyo ukitoka Memphis kwenda St. Louis unakuta namba 10 ukutani huku na huku, na wenye namba hizo mmoja alipiga .200 na mwingine .199.

Sparky Anderson vilevile, besi ya pili, msimu mmoja tu ligi kuu, 1959, wastani .218. Akapitia ligi ndogo, halafu akachukua ubingwa wa dunia na Cincinnati 1975 na 1976, na Detroit 1984. Earl Weaver naye besi ya pili, yeye hakuifikia ligi kuu kama mchezaji hata siku moja.

Nadhani sababu iko wazi. Mwenye kipaji kikubwa mambo yanamjia, ukimuuliza amefanyaje anakuonyesha tena. Asiye na kipaji kikubwa amelazimika kuuvunja mchezo vipande vipande akiwa amekaa benchi.

Nahodha77:

Mimi nitapingana kidogo kwa heshima. Hao mnaowataja ni wale waliofika. Nyuma ya kila La Russa kuna mamia waliopiga .200 na wakawa makocha wa kawaida tu. Na huyo Clapp, Memphis ya 2017 na 2018 ilikuwa imejaa vijana wa thamani, mleta mada mwenyewe umewataja. Mpe kocha yeyote DeJong, Voit, Bader na Flaherty atashinda.

Mtoto wa Chumbageni:

Nahodha, hoja yako ina uzito na siikwepi. Cardinals walikuwa na vijana wazuri, hilo kweli. Lakini hao wanne uliowataja hawakukaa pamoja msimu mzima, ndiyo maana niliweka miezi. DeJong hakuwepo sehemu kubwa ya msimu. Zile mechi zilishindwa na walioletwa kuziba, watu waliotoka Double-A jana, na wakongwe wa miaka 28 au 29 wanaojua kwamba simu yao huenda isilie. Hao wakongwe ndio kipimo. Kijana wa thamani atajituma kwa sababu anaiona St. Louis. Mkongwe anajituma kwa sababu gani? Lazima kuwe na mtu pale anayemfanya aone mechi ya Jumanne usiku, mvua imenyesha, watu elfu mbili, ina maana. Clapp alikuwa ndiye huyo mkongwe kwa miaka. Hawezi kudanganywa nao, wala yeye hawezi kuwadanganya.

Kuhusu mamia ambao hawakufika, nakubali, na wengi wao nawaheshimu kuliko waliofika. Yupo Stan Wasiak, mchezaji wa ndani ambaye hakucheza ligi kuu hata mechi moja. Alikuwa meneja ligi ndogo miaka 37 mfululizo, 1950 mpaka 1986, ushindi zaidi ya 2,500. Miaka 37 ya mabasi. Juu hakuitwa, si kucheza wala kuwa meneja.

Nahodha77:

Miaka 37 chini tu? Hilo la wakongwe nimelipokea. Bado nasema vijana walimbeba, ila sasa nasema nusu kwa nusu.

Mpwani Mombasa:

Shikamooni wakubwa, na walio rika salaam. Mimi niko Mombasa, besiboli naiona tu kwa simu. Nauliza, sisi Waafrika tumo?

Mtoto wa Chumbageni:

Tumo ndugu, na wa kwanza ni huyu huyu mtu wa aina ya uzi huu. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mchezaji wa ndani, alikaa ligi ndogo za Pittsburgh tangu akiwa kijana mdogo, na Aprili 26, 2017 akawa wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza ligi kuu. Nafasi yake ya kwanza ya kupiga alimpata Jon Lester, mrushaji mwenye pete za ubingwa, akapiga akafika besi. Hakudumu sana juu. Alizunguka kama hawa wengine.

Na jirani zetu Uganda wako mbali kuliko tunavyodhani. Watoto wa Kampala walifuzu mashindano ya dunia ya watoto 2011 wakanyimwa viza, 2012 timu ya Lugazi ikafuzu ikaenda ikacheza. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers wakawasaini vijana wawili wa Uganda, Umar Male na Ben Serunkuma. Walianzia ngazi za mwanzo kabisa, zile nilizozieleza.

Kipa wa Zamani:

Nimerudi. Nimemsoma huyo Clapp mpaka usiku, nikakutana na jina jingine lililocheza Memphis 2002, Mike Coolbaugh. Mleta mada unamjua?

Mtoto wa Chumbageni:

Namjua kaka, na nilisita kumweka kwa sababu inanikaba. Lakini umeuliza.

Coolbaugh naye alikuwa mchezaji wa ndani, besi ya tatu hasa. Misimu kumi na saba ligi ndogo, mechi 44 tu ligi kuu, Milwaukee 2001 na St. Louis 2002. Alipoacha kucheza alikaa nyumbani na watoto wake wawili wa kiume, halafu Julai 2007 akapata kazi ya ukocha Tulsa, Double-A ya Colorado. Alikuwa ndiyo anaanza njia hii tunayoizungumzia. Julai 22, hata mwezi haujaisha, Tulsa walikuwa ugenini North Little Rock. Kocha wa upande unaopiga anasimama karibu na besi ya kwanza kuwaelekeza wakimbiaji. Mpira ukapigwa kwa nguvu ukamjia, ukampiga shingoni. Alifariki. Alikuwa na miaka 35, mke wake ana mimba ya mtoto wa tatu.

Mwaka huo huo Colorado wakafika fainali ya dunia, na wachezaji wakapiga kura familia ya Coolbaugh ipewe fungu kamili la fedha za hatua za mwisho, kama mchezaji mmoja wao. Na kuanzia msimu wa 2008 ikawa lazima makocha wanaosimama kwenye besi wavae kofia ngumu.

Kipa wa Zamani:

Sina la kusema. Mungu amrehemu.

BintiSaadani:

Amina. Kaka, hukusema mwisho. Clapp yuko wapi sasa? Bado Memphis?

Mtoto wa Chumbageni:

Hapana dada, Memphis ilimpoteza na yeye, kama inavyowapoteza wote. Katikati ya 2018 Cardinals walimfukuza meneja wao wakampa kazi Mike Shildt, ambaye naye alikuwa ametangulia kuwa meneja wa Memphis. Msimu wa 2019 Shildt akamwita Clapp juu, akawa kocha wa besi ya kwanza. Miaka kumi na nane tangu zile mechi 23.

Mwaka mmoja nilipata likizo ya siku mbili nikaendesha hizo saa nne mpaka St. Louis. Nilinunua tiketi ya bei ya chini, juu kabisa, upande wa besi ya kwanza. Wachezaji wako mbali, unawatambua kwa namba na namna wanavyotembea. Mpigaji alipofika besi ya kwanza, yule mtu mfupi alimsogelea, akapokea kinga ya kiwiko na glavu ya kupigia, akaviweka mfukoni, akamnong'oneza kitu huku anamwangalia mrushaji. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akainama mikono magotini, kofia ngumu kichwani.